Farasi Wako Sitini na Watano

Mpendwa mtani,

Simu ya maandishi ya kifo chako ilikaa Shinyanga ikingoja gari, na karani wa posta aliponisomea hapa Kahama ulikuwa umeshazikwa siku kumi na moja. Wamekuzika huko kwenu Uzaramo bila mimi. Hilo limeniudhi, nami nakuambia wazi. Mzaramo anazikwaje bila Mnyamwezi wake? Nani alilala kaburini kwako akakataa kutoka? Ningevaa koti lako la khaki, nikachechemea kama ulivyochechemea tangu uliporudi vitani. Ningewaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa mvivu, mla nazi, na kwamba injini zote alizosifiwa nilizitengeneza mimi. Wanao wangecheka huku wanalia, na nisingetoka shimoni mpaka wanipe ile spana yako kubwa.

Basi kazi yangu ya msibani naifanyia hapa, kwenye karatasi. Na kuna lile swali lako uliloniuliza miaka yote, ambalo sikulijibu kwa makusudi. Leo nalijibu, ila utanisubiri kwanza nikumbushe mambo kwa utaratibu, maana wewe ulikuwa na tabia ya kusimulia habari hii vibaya.

Nilipokuja mgodini kwa mara ya kwanza na lori la pamba, wewe ulikuwa fundi wa karakana, umetoka jeshini, unajua mambo ya injini kuliko hata Bwana Mkubwa aliyekusimamia. Tulipoulizana makabila hukunipa hata maji. Uliniambia, "Kumbe mpagazi! Tua mzigo, mpagazi, babu zetu wamechoka kuwangoja." Nikakujibu kwamba babu zangu walibeba meno ya tembo hadi pwani, wakawakuta babu zako wamelala chini ya minazi wakingoja nazi ianguke. Tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima wenye akili.

Kisha ukajenga ile mashine yako. Ulipandisha lori juu ya magogo, magurudumu ya nyuma yakaning'inia. Ukaufunga mhimili kwa vipande viwili vya mti wa mninga vilivyobana kama koleo, na kwenye vipande hivyo ukaunganisha mkono mrefu wa chuma. Ncha ya mkono ikakaa kwenye mizani ya kupimia pamba uliyoazima kwa mnunuzi. Injini ikinguruma, mti ukibana, moshi ukitoka, wewe ulisoma mizani, ukahesabu mizunguko, ukaandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Uliziita namba hizo farasi.

"Farasi wangapi leo?" nilikuuliza siku ulipopima lori langu.

"Hamsini na wanane. Lori la mgodi lina sitini na watano."

"Na wanakula nini? Huku farasi hawaishi, mtani. Mbung'o atawamaliza wote kabla ya Ijumaa."

Ulinifukuza na kitambaa cha mafuta. Lakini Bwana Mkubwa hakuwa anacheka. Alisema mambo ya kupima nguvu za injini hufanywa kwao Ulaya na mashine za maana, na kwamba wewe unachoma mbao za kampuni. Ndipo ulipomwambia jambo lililotushangaza wote. Ulimwambia, "Bwana, tushindanishe malori haya mawili, mstari ulionyooka, robo maili. La farasi sitini na watano likishindwa, nitaivunja mashine kwa mikono yangu." Naye akakubali palepale, akatoa na saa yake mfukoni.

Uwanja wa ndege alitunyima, maana ndege ya kampuni ilitarajiwa. Tukapewa mbuga iliyo kando yake, pipa la mafuta mwanzo na pipa la mafuta mwisho. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Asubuhi ya siku hiyo nilivua makatambuga yangu ya mpira wa tairi, nikayashika mkononi, nikatembea peku kutoka pipa hadi pipa. Wewe ulikuwa unakunywa chai mlangoni pa karakana. "Mpagazi anatafuta njia ya babu zake!" ulipiga kelele, na watu wote wakacheka.

Cheka, nilisema moyoni. Mimi nimelima mbuga tangu utoto wangu. Udongo ule ukiwa mbichi unanasa hata mbuzi, na ukikauka unakuwa mgumu na kupasuka nyufa. Lakini wiki ile Wasukuma walikuwa wanapitisha ng'ombe wao hapo kwenda majini, kwato zimeusaga juu mpaka ukawa unga. Mguu wangu ulizama mpaka kwenye kifundo. Nikarudi, nikapakia magunia manane ya mbegu za pamba, nikayapanga yote nyuma, juu ya mhimili. Nikapunguza upepo kwenye matairi ya nyuma mpaka yakalegea. Sikukwambia. Uliyaona magunia ukadhani nimechoka akili.

"Unakuja mashindanoni na mzigo?" uliniuliza.

"Mpagazi hawezi kutembea mikono mitupu."

Kilichofuata unakijua. Kitambaa kiliposhuka, ulikanyaga mafuta, na farasi wako sitini na watano wote wakaanza kuchimba kisima. Gurudumu lilizunguka palepale, vumbi likafunika lori zima, tukawa tunakusikia bila kukuona. Mimi niliondoka taratibu, magunia yamelikandamiza lori chini, tairi zimelala juu ya unga ule. Ulipochomoka mimi nilikuwa nusu ya njia. Nilifika kwenye pipa, nikazima injini, nikateremka, nikakaa juu ya pipa nikikungoja. Watu waliniimbia wimbo siku ileile. Nilifurahi, mtani, nisikufiche. Nilifurahi kupita kiasi, na mashine yako ilikuwa imenitoka kabisa kichwani.

Nikaikumbuka Bwana Mkubwa alipofunga saa yake na kusema, "Jumatatu asubuhi sitaki kuona takataka hiyo."

Jioni nilikuja chumbani kwako kukutania, kama ilivyo haki yangu. Nilikukuta umekaa sakafuni, umeshafungua vipande vya mninga, unavipangusa kimoja kimoja. Nilikuambia mla nazi ameangukiwa na nazi yake. Hukujibu. Nikakuambia nimekuja kuchimba kaburi la farasi. Hukujibu. Nilikuwa sijawahi kukuona umenyamaza, hata siku uliyoungua mkono, na nikaingiwa na hofu.

"Mtani," ulisema baadaye, bila kuniangalia, "miaka minne nimeihesabu hiyo mashine. Kumbe nilikuwa naandika uongo mlangoni."

Hapo ndipo nilipoona nimekufanyia nini. Nilikaa chini, nikakueleza yote: ng'ombe, unga, magunia, upepo wa tairi. Nikakuambia, "Injini uliipima magurudumu yakiwa hewani. Hewani hakuna vumbi. Namba zako ni za kweli, ila ziliteremka chini zikakuta udongo." Ulikiweka chini kipande cha mninga. Kisha ukaniita majina ambayo siwezi kuyaandika, na nikajua umerudi.

Jumatatu alfajiri nilikwenda kwa Bwana Mkubwa kabla hajanywa kahawa. Nilivua kofia, nikamwambia mshindi alishinda kwa udongo, si kwa injini, na mshindi huyo ni mimi. Nikaomba turudie kwenye uwanja wa ndege, malori matupu yote mawili, matairi yamejaa sawa. Akaniuliza kama ninaelewa kwamba nitashindwa. Nikamjibu ninaelewa, na kwamba naomba hivyo hivyo. Alinitazama kana kwamba nimelewa, lakini alikuwa mpenda mashindano, na ndege ilikuwa imeshaondoka.

Siku zile tatu za kungoja zilikuwa tamu kuliko zote tulizokaa pamoja. Tuliinuka pamoja asubuhi kwenda kuukagua uwanja. Safari hii wewe ndiye uliyevua viatu, miguu laini ya mtu wa pwani, unaruka ruka kwenye changarawe kama kuku, na mimi nakufundisha: hapa pamepigwa rola, hapa pana mchanga kidogo, hapa ni ile ardhi ngumu Wasukuma wanayoiita itogolo, gurudumu halitelezi. Nikakuuliza kwa nini unapima injini asubuhi na baridi wakati tunashindana saa tisa na jua kali, na injini kwenye joto hukosa pumzi kama binadamu. Ulisimama ukaniangalia kama umemwona shetani. Ukapima upya saa tisa, malori yote mawili. Farasi wawili wawili wakapotea kila upande, na ukaziandika namba mpya chini ya zile za zamani bila kuzifuta zile za kwanza.

Kisha ukaandika mstari wa tatu. Uliandika: "Mnyamwezi atakuwa nyuma urefu wa lori tatu." Si mbili, ulisema, wala nne. Bwana Mkubwa aliusoma, akakwambia, ikiwa tatu mashine inabaki, ikiwa vinginevyo inakwenda jikoni kuwa kuni. Ulisema sawa. Ukaitia chaki mfukoni.

Tuliondoka pamoja. Hakuna gurudumu lililopiga kelele. Mpaka katikati ya uwanja tulikuwa karibu bega kwa bega, halafu lori lako likaanza kunitoka, pole pole, kama mtu anayevutwa kwa kamba. Ulipolipita pipa, Bwana Mkubwa alipuliza filimbi, na watu wake wawili waliokuwa kando ya uwanja wakachomeka vijiti, kimoja nyuma ya lori lako na kimoja mbele ya langu, pale nilipokuwa filimbi ilipolia. Akaja mwenyewe na kamba ya urefu wa lori. Akapima mara moja. Akapima mara mbili. Mara ya tatu kamba ikakikaribia kijiti, ikabaki shubiri moja tu, naye akasema ni tatu.

Ulilia, mtani. Usiniambie lilikuwa vumbi, uwanja ule haukuwa na vumbi. Nami niliteremka kwenye lori nikaja kukushika mkono, mguu mmoja una katambuga na mwingine peku. Ukapangusa macho ukacheka: "Bado unapima udongo, mpagazi?" Nikasema ndiyo, napima. Tukaishia hapo.

Mashine ilibaki. Malori yalikuja kupimwa kutoka Geita, kutoka Shinyanga, mpaka lile la hospitali ya Kolandoto, na hakuna lililopimwa bila kwanza dereva wake kuulizwa anapita barabara gani na kwenye udongo gani. Ukawa fundi mkuu. Lakini baada ya miezi ukaanza swali lako. Mara ya kwanza uliliuliza kwa mzaha: "Mtani, siku ile uwanjani uliniachia?" Ulikuwa umewaza kwamba mtu aliyekwenda mwenyewe kwa Bwana Mkubwa kuomba ashindwe, anaweza pia kuinua mguu kidogo kwenye mafuta. Urefu wa lori tatu si vigumu kuupanga kwa dereva anayejua lori lake. Nikakujibu, "Waulize farasi."

Nililipenda jibu hilo mno. Kila nilipoleta pamba uliniuliza, na kila mara nikakujibu jingine. Muulize mbung'o. Yaulize magogo ya karakana, yameona zaidi yangu. Nilikuona unavyokasirika na nikafurahi, maana ndiyo kazi yetu. Mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja, "Baba Kabula, mwambie mwenzio." Nikamwambia mambo ya watani asiyaingilie.

Halafu ulistaafu, nikaja kukusindikiza stesheni ya Shinyanga. Ulikuwa umebeba vile vipande vya mninga kwenye gunia, hukutaka kuviacha. Treni ilipopiga honi ulitoa kichwa dirishani. "Mtani, sasa naondoka. Uliniachia?" Siku ile hukucheka. Niliona kabisa kwamba hukucheka. Nami, kwa upumbavu wangu, nikakuambia nitakujibu ukirudi, kwa sababu nilitaka urudi. Nilidhani nina muda. Hilo ndilo linaloniuma hapa ninapokaa, wala sina utani wowote wa kulifunika.

Basi sikiliza. Lile lori langu lilikuwa na kanyagio gumu, unalijua, ulikataa kulitengeneza. Ulipoanza kunitoka pale katikati, nilikasirika. Nilisahau Bwana Mkubwa, nikasahau mashine, nikasahau kwamba nilikuja kushindwa. Nilitaka kukupita, mtani, kwa moyo wangu wote. Nilisimama juu ya lile kanyagio kwa uzito wote wa mwili mpaka likagonga sakafu, na hapo ndipo mkanda wa katambuga wa mguu wa kulia ulipokatika. Ndiyo maana niliteremka peku. Mke wangu aliupigilia misumari usiku uleule, na katambuga hilo bado ninalo, misumari mitatu, nitampa mwanao wa kwanza akija kuchukua barua hii aliweke pamoja na zile mbao.

Sikukuachia hata shubiri. Farasi wako walikuwa sitini na watano asubuhi, sitini na watatu saa tisa, na wote walinipita.

Lala sasa, mla nazi. Nikija huko Uzaramo nitalala juu ya kaburi lako mchana kutwa, na hawatanitoa mpaka wanipe spana.

Ni mimi uliyenishinda,
Mtani wako, mpagazi wa Kahama