Kabla ya Kulifuta Bonde

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Umeme ulirudi saa nane. Swedi akafika kabla feni haijashika kasi. Aliniita tangu barabarani kama kawaida yake: we Mgogo, umelala au umekufa? Kama umekufa sema, niwahi ubwabwa. Restuta, binti yangu, alicheka jikoni. Hivyo ndivyo Swedi anavyobisha hodi. Babu yake, Mnyamwezi, alikuja na misafara kutoka Unyanyembe akabaki huku. Mimi Mgogo wa Hombolo. Watani. Sijawahi kusikia neno la heshima kinywani mwake, na sijawahi kulitaka.

Tulicheza zamu nne. Mchezo una jina refu la Kiingereza, sisi tunauita Bonde. Wafalme wawili, mto mmoja. Mimi niko juu na bwawa, yeye chini na jeshi na mji wake wenye kuta. Mmoja akiwa kwenye kompyuta, mwenzake anakaa barazani asichungulie siri, na kutoka huko anapiga kelele dirishani ili kumvuruga. Pambano ni moja tu, tangu mwanangu Denis alipoileta kompyuta hii kutoka Dar. Mwaka wa tatu sasa na hakuna aliyeshinda. Leo nilimpunguzia maji. Akapaza sauti: babu yako alimtoza babu yangu ushuru wa maji ya kisima, na wewe unanitoza mimi. Wagogo hamjabadilika!

Halafu simu, kwa jirani. Denis. Bonde la Pili limetoka, ameliona dukani. Lina bahari, lina merikebu, lina dini. Anunue? Ila kompyuta yetu imejaa. La pili likiingia, la kwanza lazima lifutwe. Na likifutwa halirudi, maana disketi zake zililiwa na vumbi la hapa Nkuhungu zamani.

Swedi aliposikia "bahari" akasimama kabisa. Mtu mwenyewe anauza vipuri vya baiskeli na maji makubwa aliyowahi kuyaona ni bwawa la Mtera.

Nilimwambia Denis angoje kidogo.

Alhamisi, 4 Septemba

Hospitali. Majibu yametoka. Ini.

Daktari ni kijana, mpole, alizungukazunguka. Nikamwambia aseme tu, mimi nilisoma kipimo cha maji Mtera mpaka nikastaafu, najua kitu kinavyoshuka. Akasema zabibu za Machi nisizitegemee. Yeye mwenyewe ana shamba la zabibu Makutupora, ndiyo maana alisema hivyo. Restuta alinishika mkono.

Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mtu aliyesoma kama mimi, mzee wa kanisa, ameambiwa anakufa. Wazo la kwanza? Si Mungu. Si mama yake Restuta anayenisubiri mbinguni. Niliwaza: pambano halijaisha.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda kanisani, miguu imevimba. Mchungaji akaja mwenyewe na kunisomea zaburi. Alipofumba macho kuomba mimi nilikuwa nawaza daraja langu la kaskazini, kama litastahimili farasi wa Swedi. Unisamehe, Mungu. Au usinisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni nilimwambia Swedi. Nilijiandaa tangu asubuhi. Nilisubiri amalize zamu yake, akatoka, nikamwambia palepale mlangoni: Swedi, mimi nakufa.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Afadhali, akasema, huku kwangu watu wamekufa kiu, wewe tu ndiye umebaki. Nikasema si utani, ni ini, daktari amesema. Ini la Mgogo? Lililokula mlenda miaka sabini? Hilo hata fisi atalitema. Akaendelea. Siku ya maziko, kama ilivyo ada ya watani, atashuka kaburini alale humo chali, na hatoki mpaka wanangu wampe kompyuta.

Nilifanya nini? Nilicheka. Nilimwambia kompyuta nitazikwa nayo. Kicheko kiliniuma ubavuni mpaka usiku.

Sasa nimekwama. Mtani haaminiwi juu ya kifo. Tumetaniana kwa jeneza, kwa sanda, kwa ubwabwa wa matanga, kila siku, miaka na miaka. Neno lenyewe limeisha makali. Ningemwambia naugua jino angeniletea dawa.

Jumatano, 10 Septemba

Maumivu. Umeme hakuna kutwa nzima. Afadhali.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumegombana. Si utani, ugomvi wenyewe.

Swedi alikuja akiwa amechoka kungoja jibu langu. Kwa nini sitaki Bonde la Pili? Nikasema sikatai, nataka kwanza tumalize hili. Hili haliishi, akasema. Wewe una maji, mimi nina kuta, tutakaa hivi mpaka Kiyama. Nilitaka kumjibu kwamba mimi siendi mbali hivyo. Nikasema tu: nipe hadi mwisho wa mwaka.

Mwisho wa mwaka kuna nini?

Jibu nilikuwa nalo, lakini nilishalisema Jumapili na yeye alilicheka.

Basi akajijibu mwenyewe. Eti mimi naogopa. Nimezoea kukaa juu ya mto, sasa nasikia kuna bahari, kila mtu atakuwa na maji, nitakosa pa kutozea ushuru. Kisha akazidi: au ni ubahili? Atanunua yeye peke yake. Nikamwambia anunue tu, kwani kompyuta ni ya baba yake? Hapo akachukua kofia. Hakusema kwaheri.

Restuta alikuwa mlangoni. Aliuliza kwa nini nisimwambie. Nikamjibu nimeshamwambia. Akasema: baba, kumwambia Mzee Swedi kitu huku unacheka si kumwambia. Ana haki. Lakini huyu mtoto hajawahi kuwa na mtani wa kweli, wa kukaa naye. Hajui kwamba siku nitakayomwambia bila kucheka ndiyo siku ya mwisho wa Swedi niliyemzoea. Wagonjwa wana ndugu wengi wa kuwasikitikia. Mimi nina mtu mmoja tu wa kunitukana.

Jumanne, 16 Septemba

Limekuja. Swedi alizungumza na Denis mwenyewe, akalipa, likapakiwa kwenye basi. Ameleta sanduku lote, kubwa, lina picha ya merikebu, na ndani yake kuna sahani moja tu ya plastiki. Aliliweka mezani na hakugusia ugomvi. Alisema tu: nimekuletea bahari, nyang'au we.

Nilifurahi kuitwa nyang'au.

Tukakubaliana Jumamosi. Yaani yeye alikubaliana. Saa tisa, umeme ukiwepo, tunafuta la kwanza na kuingiza la pili. Nikasema sawa. Alipoondoka nikafungua Bonde peke yangu, jambo tusilofanya kamwe. Sikucheza. Nilitazama tu. Kuna kijiji changu kidogo ng'ambo ya bwawa, nyumba sita, nilikijenga mwaka wa kwanza na hakina faida yoyote. Watu wake bado wanateka maji. Wanakwenda, wanarudi.

Kitabu cha Bonde la Pili kinasema pambano moja la wawili huchukua miaka miwili kwa wachezaji wenye subira. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi, 18 Septemba

Siwezi kumeza ugali. Uji tu. Nguo zimenipwaya, Restuta ametoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Mchana aliaga anakwenda sokoni. Akachelewa. Alirudi na nyanya chache na macho mekundu, akasema vumbi. Njia ya sokoni inapita dukani kwa Swedi. Sikumuuliza. Nimekuwa mwoga wa kuuliza.

Jumamosi, 20 Septemba

Hakuita kutoka barabarani.

Saa tisa nilisikia hodi. Mara mbili, taratibu, kama karani wa sensa. Restuta akafungua. Swedi akaingia, kanzu safi, akanipa mkono na kuniuliza: umeshindaje, ndugu yangu?

Ndugu yangu.

Nilimtazama Restuta. Akainamia sufuria.

Nikajaribu. Nilisema: Mnyamwezi, leo matusi umeyasahau nyumbani? Akatabasamu kidogo, akasema leo tucheze tu. Nikamuuliza, vipi bahari? Akalisogeza sanduku chini ya kiti kwa mguu. Bahari haina haraka, akasema. Tumalize kwanza hili, kama ulivyotaka.

Kama nilivyotaka! Miaka yote hii hajafanya hata jambo moja kama nilivyotaka.

Alianza yeye. Nilitoka barazani nikishika ukuta. Nikamtukana dirishani, nikamtaja babu yake na mizigo ya pembe za ndovu, nikamwambia bado ana alama ya mzigo kichwani. Zamani angetupa kiatu. Leo alicheza tu, kwa muda mfupi sana. Alipotoka alinishika kiwiko kunivusha kizingiti, polepole, kama ninavyoshikwa hospitalini, kisha akaketi nje kwenye kiti chake.

Sasa niko mbele ya kompyuta. Naandika kwa penseli juu ya goti.

Nimeona alichofanya. Lango la kaskazini la mji wake mkuu liko wazi. Hakuna askari hata mmoja ukutani. Jeshi lote amelipeleka kusini likalime mtama. Swedi! Ambaye hata akienda msikitini huacha mlinzi langoni nisimwibie zamu. Farasi wangu wako ng'ambo ya daraja tu. Nikiwasogeza, mji ni wangu, bonde ni langu, pambano limeisha. Tutafuta kwa roho safi, na hakuna atakayelazimika kusema kitu.

Ananipa ushindi kama watu wanavyompa mgonjwa maji ya kunywa.

Naweza kuchukua. Naweza pia kuwarudisha farasi zizini na kumpa zamu yake, tuendelee kesho, na kesho kutwa, kadiri ini litakavyoruhusu. Lakini tuendelee na nani? Aliyeketi nje hapo simjui.

Umeme unakatwa saa kumi na mbili. Kivuli cha dirisha kimeshafika mguu wa meza.

Mkono wangu uko juu ya kipanya. Nimemwita kwa sauti yote niliyo nayo, hata jirani amesikia: we Mnyamwezi, umelala au umekufa? Kama umekufa sema, niwahi ubwabwa.

Nasikia kiti kinalia. Nasikia anapenga kamasi.

Akinitukana tu, nawarudisha farasi zizini.