Mipira Niliyoiosha

Kenmore, New York
Jumanne, 9 Septemba

Kwako Shangazi yangu mpendwa Cibalonza,

Nakusalimu kwa heshima, Shangazi. Habari za Louisville? Magoti yanaendeleaje, na presha je? Donati, yule anayesali nanyi huko, aliniambia kwamba mwezi wa sita ulilazwa siku tatu, halafu ukarudi kazini kama vile hujaugua. Naomba uwe umepona kweli, si kupona kwa kuwanyamazisha watu. Sisi hapa tu wazima. Mimi navimba miguu kwa kusimama, na binti yangu Whitney sasa ana miaka tisa na ananijibu Kiingereza hata nikimuuliza kwa Kishi, lugha yetu.

Usimkasirikie Donati kwa kunipa anwani yako, nilimsumbua mpaka akachoka. Simu zangu hupokei. Ni miaka minane sijasikia sauti yako, na sababu unaijua.

Nataka kuja Louisville kukuona, na nataka uniruhusu wewe mwenyewe. Ombi langu ni hilo tu. Lakini kabla hujasema ndiyo au hapana, nisome mpaka mwisho, maana kuna jambo usilolijua bado. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Sasa naandikia kazini, asubuhi, jengo likiwa tupu, kwa sababu nyumbani nikikaa tu nainuka.

Kazi yangu ni kufua. Nawafulia wachezaji wa timu ya besiboli ya hapa Buffalo, wale wanaongoja kuitwa kwenye timu kubwa. Ni wanaume wazima wanaojitupa kifudifudi kwenye vumbi kila siku, nami natoa madoa. Nafua pia nguo za wageni. Wakija wa Columbus, nafua Columbus. Wakija wa Louisville, natundika mashati karibu thelathini yenye jina la mji wako kifuani, na kila nikipita hapo najiuliza leo umekula nini.

Kazi hii nilitafutiwa na Mutua, Mkamba aliyekuja kusoma Amherst akaishia kuajiriwa ofisini kwa timu. Ni mtu mwema. Hilo nalisema mapema ili usije ukamhukumu vibaya.

Basi, mwezi wa tano nilikuta chumba cha waamuzi kiko wazi, na ndani mna sanduku la mipira, dazeni nane, yote ina rangi ya udongo. Nililelewa nawe, unajua nisingeweza kuupita uchafu ule. Nikachukua brashi na sabuni, nikaisugua mmoja mmoja, nikaipangusa kwa taulo mpaka ikang'aa. Nilijisifu kabisa. Kumbe tope lile walikuwa wamelipaka wenyewe. Mpira mpya unateleza mkononi mwa mtupaji, kwa hiyo kabla ya kila mchezo mtu anakaa chini na kuupaka tope laini la mtoni. Mtu mzima, Shangazi, na analipwa. Mchezo ulichelewa dakika arobaini, watu maelfu wakila soseji na kungoja mipira ichafuliwe upya. Nilicheka mpaka machozi, na hata mwamuzi alicheka.

Siku ile timu ilishindwa. Kesho yake ikashindwa tena, na ikaendelea hivyo michezo kumi na mmoja mfululizo. Mpaka leo wameshindwa mara themanini na tisa, na bado kuna karibu wiki mbili.

Kwanza ulikuwa mzaha. Walinipa jina la Kiingereza ambalo Mutua alinitafsiria kuwa ni Mama Nuksi. Mmoja alichora kipande cha sabuni chenye pembe akakibandika mlangoni kwangu. Nikacheka nao. Halafu mtupaji mmoja, kijana wa Jamhuri ya Dominika, akaacha kuniletea nguo, akawa anafua kwake. Asubuhi moja nikakuta chumvi imemwagwa kizingitini. Nikafagia. Kesho yake ikawepo tena.

Kwao ni utani, najua. Hapa hakuna atakayenichomea nyumba. Lakini mwili wangu hilo haukulielewa. Nilianza kula peke yangu. Niliacha kugusa magongo yao. Nilikuwa nawaonyesha mikono yangu nikiwa naongea, sijui ili waone nini. Wakishindwa, najificha nyuma ya mashine mpaka korido iwe tupu. Sheria za mchezo wenyewe sizijui hata leo, lakini nilikuwa nafunga na kuomba washinde.

Mwezi wa saba niliumwa jino, nikakaa nyumbani siku mbili. Wakashinda zote mbili. Nadhani unaona kilichofuata. Msimamizi aliniita, akatabasamu sana, akaniuliza kwa upole kama singependelea kuja saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka kabla vijana hawajafika, ili vichwa vyao vitulie. Ndiyo maana jengo hili liko tupu ninapokuandikia.

Mutua alikuwepo. Mutua ndiye anayeshika orodha ya wachezaji. Alijua kwamba wiki ile ile niliyoosha mipira, timu kubwa iliwachukua wapigaji wao wanne walio bora, na mtupaji wao wa kutegemewa akaumia kiwiko. Alikuwa amenieleza yeye mwenyewe. Nilimtazama nikingoja aseme. Akaangalia viatu vyake. Baadaye alinifuata koridoni akaniambia, "Pole, Mama Whitney. Wangesema natetea watu wangu. Wacha season iishe, hii kitu itapoa tu."

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Mtu anayeangalia viatu vyake nilikuwa namfahamu muda mrefu.

Mashine imelia. Nimehamisha taulo, nimerudi. Nimesimama, naandikia juu ya kikaushio, lakini sitoki hapa mpaka niseme.

Kaka yangu Zihindula alipofiwa na mtoto kule kambi ya wakimbizi, asubuhi yake wewe ulikuwa umempa mtoto yule uji. Kwa watu waliokuwa wanatafuta wa kumlaumu, hiyo ilitosha. Lakini mimi ndiye niliyembeba hospitali, na muuguzi alinieleza mimi kwa Kiswahili na kunipa karatasi: malaria kali, damu imekwisha, ameletwa amechelewa, homa ya siku nne. Siku hizo nne Zihindula alikuwa amemweka kwenye chumba cha maombi, hataki kusikia habari za kliniki. Niliikunja karatasi nikaificha ndani ya kitenge ili nisimwaibishe kaka. Walipokuita mchawi mbele ya majirani, ulinitazama mimi. Hukujua kwamba ninayo. Ulinitazama tu kwa sababu mimi ni mtoto wako, na nilikuwa nayo kiunoni, nikanyamaza.

Kuna na lingine. Fomu ya kuja Marekani iliyokutoa kwenye familia yetu, ukabaki kambini miaka miwili peke yako sisi tukiwa tumeshapanda ndege, niliijaza mimi. Walisema mwandiko wangu ndio unaosomeka.

Nasikia aibu, Shangazi, na aibu yenyewe imechelewa. Nimevumilia kuitwa nuksi miezi minne, tena kwa kuchekewa, na nilikuwa karibu kuacha kazi. Wewe hukuwa na kazi ya kuacha.

Sikutaka kukuomba msamaha sirini huku wao wakiendelea kulisema jina lako vile wanavyolisema. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipanda basi mpaka Columbus. Nilimsomea Zihindula karatasi ile sebuleni kwake, mkewe akiwa amekaa hapo. Nikasoma na tarehe. Alininyang'anya akaitupa chini.

"Bon," akasema. "Donc, kumbe wewe na ule mama muko kitu kimoya. Usirudie tena kufika huku kwangu."

Mkewe ndiye aliyeiokota. Aliisoma muda mrefu sana, mtoto alikuwa wake. Akanirudishia mlangoni.

Basi halijafika Cleveland, nikakuta nimeshatolewa kwenye grupu la familia la WhatsApp. Ndugu yetu Mugisho kutoka Bukavu alinitumia sauti fupi kwamba nimeuza ukoo. Tangu siku hiyo silali vizuri, simu nainua na kuiweka, lakini sijutii.

Karatasi ile iko ndani ya bahasha hii. Ni yako. Mwonyeshe unayetaka, au ichome, usiniulize.

Msimu unaisha tarehe 21. Tarehe 23 nitapanda basi na Whitney kuja Louisville. Tutapita Columbus, hatutashuka. Kama hutaki tuje, mwambie Donati neno moja tu, nami sitauliza kwa nini wala sitakusumbua tena. Usipomwambia kitu, tutakuja, na ukishafungua mlango utaamua.

Hapa ndipo ningekuletea salamu za Zihindula na nyumba yake, za Mugisho, za watoto wote wa nyumbani. Hawakunituma. Msalimie Donati na wote wanaokutunza huko. Whitney anakusalimu. Aliona jina lako kwenye bahasha akauliza ni nani, nikamwambia ndiye aliyenilea. Akataka kujua, kama ni hivyo, mbona sijawahi kukutaja hata siku moja. Nimemwahidi kwamba jibu atalisikia mbele yako, na nitalisema kwa Kishi ili na wewe ulisikie vizuri.

Mungu akupe usingizi, akupunguzie maumivu ya magoti, akuweke hai mpaka tufike.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea wewe na anayekupenda,
Josiane