Nukta za Mama

Aarhus, 3 Machi

Dada yangu mpendwa Dorthe,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na yule paka mkorofi bado anakuamrisha. Mimi afya ninayo, ila usingizi umenikimbia. Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu ningeikata kabla ya kufika panapouma.

Umewahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu kwa mzaha kwamba nakimbiza kompyuta. Leo nikueleze. Ukiandika kitu kwenye ukurasa wa mtandao, kivinjari, ile programu inayokufungulia kurasa hizo, hukagua maandishi yako kwa kuyalinganisha na mfano ambao kimepewa. Kikijaribu njia moja ikagoma, kinarudi nyuma kujaribu nyingine. Kazi yangu ni kuharakisha huko kwenda na kurudi.

Mzee Troels, aliyenifundisha kazi, aliweka breki humo ndani: kivinjari kikirudi nyuma mara nyingi mno, kiache njia hiyo kishike nyingine, ya polepole lakini yenye mwisho. Mimi niliona inatuchelewesha. Nilipoitoa, majaribio yetu yaliongezeka kasi kwa asilimia nane. Kwetu hakuna badiliko linaloingia bila mwenzako kulipitisha, na Troels alikataa. Alinitania kwamba nakimbia kama mtu aliyeiba kuku, kisha akasema neno ambalo halijanitoka mpaka leo: "Bwana mdogo, haraka yako hii kuna mtu ataisubiri."

Nikangoja Julai, alipokwenda likizo ya wiki tatu, nikamwomba mwingine alipitishe. Akalipitisha kabla kahawa yake haijapoa. Ijumaa wakaniletea keki ya mdalasini, nikala vipande vitatu. Troels aliporudi akaona, hakugomba. Aliacha tu kunywa kahawa na mimi.

Agosti badiliko langu likafika kwenye kompyuta za watu, yako ikiwemo. Septemba ikaja ile Jumanne. Mama kifua kinambana, anakukataza kuita gari la wagonjwa kwa kuwa majirani watachungulia, anakuamuru umwandikie daktari kwenye ukurasa wake. Uliandika kama alivyosema, na kila alipotua kuvuta pumzi ukaweka nukta, nukta, nukta. Ukabonyeza kutuma. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka kwenye skrini, nanyi mkakaa mkingoja jibu, hadi saa nane mchana mama akanyamaza kwenye kiti chake cha dirishani.

Siku ya maziko ulinipa ile kompyuta nikuangalizie ulikosea wapi. Nilikurudishia nikisema imezeeka. Dorthe, nilikudanganya. Niliyachukua maneno yako nikayajaribu kazini. Kwa breki ya Troels yalipita kufumba na kufumbua. Bila breki, kivinjari kilifika kwenye zile nukta kikaanza kurudi nyuma, kwenda na kurudi, na nilipoondoka jioni kilikuwa bado kinarudi. Kesho yake niliirudisha breki kimyakimya. Yule wa Julai akalipitisha tena bila kuuliza. Troels alinitazama tu, na nadhani alijua. Tangu hapo kila nikiona kiduara kinazunguka, namsikia mama akivuta pumzi. Naogopa, dada yangu, hata ofisini mchana kweupe.

Kwenye barua yako ya Krismasi umesema hugusi tena kompyuta, na kwamba mkono wako ndio uliomuua mama. Miaka mitatu nimekuacha ubebe mzigo wangu. Mkono wako haukukosea popote. Uliandika kila pumzi yake, na mimi ndiye niliyeizuia isifike.

Sikuombi unisamehe leo. Jumapili nitapanda treni ya asubuhi nije nikuambie haya uso kwa uso. Usipotaka kunifungulia, usifungue. Nitakaa kwenye ngazi za mbele, pale mama alipokuwa akimenyea viazi. Safari hii wa kusubiri ni mimi.

Msalimie jirani Ejnar, na paka pia.

Mdogo wako,
Asger