Goti la Mume Wangu Halijapona, Ni Mota Iliyo Gurudumuni

Mshauri wetu mpendwa, Mungu akubariki wewe na wote wa nyumbani kwako. Naomba unishike mkono kabla siku ya ibada haijafika, maana furaha imeingia kwangu kwa mlango wa mbele na hofu ikaifuata kama mkia.

Mimi nashona nguo, mume wangu ni fundi baiskeli, na kibanda chake kiko juu ya mlima ule mkali unaoanzia sokoni. Goti lake liliharibika hata akashindwa kukanyaga pedali, kupanda kwa miguu ndiyo usiseme, baiskeli yake kuukuu ya chuma ikaegemezwa ukutani, kibanda kikafungwa, naye akakaa sebuleni akimjibu kila mtu kwa mguno. Nikasikia kuna mota inayofungwa katikati ya gurudumu na kuendeshwa kwa betri, nikamwambia, akaniangalia kama nimemtukana. "Mama watoto, bora nitambae kuliko kubebwa na betri kama simu."

Sikuliacha jambo hilo. Alipokwenda kumzika rafiki yake wa zamani, mimi na wifi yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, tukanunua gurudumu la mbele lenye mota tukalifunga wenyewe. Picha ya maelekezo ilionyesha waya utokee kushoto. Nikakataa, nikasema jambo la heri huanzia kulia, tukaligeuza, tukaomba, wifi akapanda. Mshauri, baiskeli ilirudi nyuma! Ilirudi nyuma na wifi juu yake anapiga kelele, "Wifi, izime! Inanirudisha kwa mama!" mpaka ikaingia kwenye nguo za jirani zilizoanikwa, shuka likamfunika, na hapo ndipo mume wangu akatokea na begi lake la safari.

Nikangoja radi. Akalikagua gurudumu.

"Nani kafunga hii?"

"Sisi," wifi akajibu kutoka ndani ya shuka.

"Mmefunga kinyume. Na ekseli, huu mhimili wa katikati, mmeiacha hivi hivi? Ingejizungusha ikapasua foku inayolishika gurudumu, saa hizi ningekuwa naokota meno yako."

Fundi hawezi kulala nyumba moja na nati iliyofungwa vibaya. Alivua koti, akaligeuza gurudumu, akakata spana kuukuu akaibana nayo ekseli isizunguke, tena anapiga mluzi, mluzi niliokuwa nimeusahau. Mimi nikashona mfuko wa turubai wa kuikinga betri na mvua. Asubuhi yake akaupanda mlima ule ameketi wima kama bwana harusi, miguu inazungusha pedali polepole kwa adabu tu, kengele inalia, nami nimesimama chini nalia na kupiga vigelegele, sioni aibu.

Sasa shida, mshauri. Katikati ya mlima alikutana na wenzetu tunaoabudu nao. Mmoja akapaza sauti, "Fundi! Mungu amekuponya goti!" Naye kwa furaha akajibu, "Mungu ni mwema!" Neno hilo ni la kweli, lakini hakuongeza jingine. Mota ni ndogo, betri imo mfukoni, hakuna aliyegundua, habari zikamfikia kiongozi wetu, na sasa Fundi amepangiwa kutoa ushuhuda mbele ya watu wote. Nami walipokuja kunipongeza niliitikia amina. Kibaya zaidi, jirani yetu mzee mwashi, ambaye magoti yake yamechoka kwa kujenga nyumba za watu, ameacha dawa na fimbo ameitundika, anasema anangoja Fundi amwombee. Jana nilimwona anashika ukuta ili afike mlangoni pake. Nikimgusia mume wangu anasema, "Nikitaja mota watanicheka. Kwani kumshukuru Mungu ni kosa?" Nikisema nitamwaibisha baba watoto, nikinyamaza nitamjibu nini Mola wangu?

Ni mimi, Mama Cherehani.

JIBU

Mama Cherehani, pole, na hongera, halafu kaa vizuri nikukaripie.

Hongera kwa sababu ulimkuta mume anaguna ukamrudishia mluzi. Wengi wangemletea uji na kumhurumia. Wewe ulimletea gurudumu. Hata kama lilianza kwa kwenda kinyumenyume, limefika juu, na vigelegele vyako vilistahili.

Lakini hiyo amina yako, mama! Ulijua inaitikia nini. Ukweli ukikatwa nusu, kipande kinachobaki ni uongo. Mnaogopa kuchekwa, na kwa woga huo mmemwacha mtu mzima ashike ukuta. Hapo sikuonei huruma hata kidogo.

Na nani aliwaambia kwamba mota inapunguza sifa za Mungu? Kichwa kilichowaza ni chake, mikono iliyokata spana ni yake. Msimfiche ndani ya mfuko wa turubai.

Usiende kwa kiongozi kwa mgongo wa mumeo. Mfuate kibandani, akiwa na zana mkononi, maana huko ndiko anakokuwa jasiri, umwambie: ushuhuda utoe, ila uutoe mzima. Aisukume baiskeli hadi mbele ya watu, aufungue mfuko, asimulie na safari ya wifi kinyumenyume. Watacheka, ndiyo. Wakimaliza kucheka watapanga foleni kibandani, kwa sababu miguu iliyochoka haiko nyumbani kwako peke yake. Fundi wako atakuwa na kazi nyingi kuliko alipokuwa na magoti mawili mazima.

Breki abadilishe haraka. Zile kuukuu zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu, na mlima huohuo una kushuka. Goti nalo lirudi kwa daktari. Mota inabeba mtu, haitibu mfupa.

Ila mzee mwashi asingoje siku ya ibada. Nendeni kwake leo, wote wawili, na baiskeli. Fundi afungue ule mfuko mbele yake, amwambie kwa kinywa chake, "Mzee, goti langu bado linauma, hiki ndicho kinachonipandisha." Wewe itungue fimbo umkabidhi, umhimize arudie dawa zake. Kisha mwacheni aishike kengele, aulize bei, aulize kama naye anaweza kutengenezewa baiskeli ya mota. Ushuhuda wenu uanzie hapo mlangoni pake, na utapanda mlima wenyewe.