Gari la Babu Yako juu ya Trela

Hodan mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Huku Garissa tuko salama, alhamdulillahi. Mvua imenyesha na mbuzi wa mama yako wamezaa.

Umeniuliza, "Ayeeyo, duka langu Nairobi limefungwa. Nitarudije nyumbani watu wakiniangalia?"

Miaka ya tisini babu yako alikuwa na gari kubwa jeusi la zamani, gari la maharusi wa mji mzima. Siku moja likafia Bura. Tukapata trekta lenye trela. Wanaume wakalisukuma gari likapanda juu ya trela, nami nikalifunga kwa kamba nilizosokota mwenyewe, za kupakia ngamia. Kwetu kupakia ni kazi ya wanawake, na mzigo wangu haujawahi kuanguka.

Babu yako akaleta turubai. "Tulifunike, tusichekwe."

Nikakataa. Nikaosha vioo, nikavaa shungi jipya, nikapanda nikakaa kiti cha nyuma. Tukaingia sokoni mchana, mimi juu ya watu wote. Walicheka, wallahi! Mzee mmoja akapaza sauti, "Mama, gari limekufa?"

"Limechoka," nikamjibu. "Tunalirudisha nyumbani."

Kicheko kikaisha. Wanaume walewale waliocheka wakaja kutusaidia kulishusha. Likatengenezwa, na ndilo lililompeleka mama yako harusini.

Basi usije usiku, Hodan. Njoo mchana, tupitie sokoni pamoja. Nitakungoja stendi, na shungi langu jipya.

Ayeeyo wako