Shaba Hakai kwa Aliye Hai

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi kama kawaida, Kahama. Nimezika chambo: vitambaa vya damu ya watu, mfupa wa mbuzi, shati nililovaa jana. Shaba kapita mbuzi, kapita shati, kakaa kwenye kitambaa. Hajakosea. Watu wanamwita mbwa wa uokoaji. Shaba haokoi mtu. Anatafuta waliokufa. Wa kutafuta walio hai ni Radi, mbwa wa mwenzangu Hamisi, na huyo hubweka. Wangu hukaa chini, kimya. Nimechoka kulieleza hili.

Jioni simu: duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, limetitia upande wa Geita. Mchimbaji mmoja hajaonekana.

Jumanne, 4 Machi
Tumefika. Aliyefukiwa ni Masanja. Radi kazungushwa kote ndani ya uzio wa machimbo. Kimya. Mke wa Masanja, Mama Kulwa, kaja mpaka kwenye gari. Kaniuliza mbwa wangu ni wa nini. Sikumficha.

"Huyo simtaki, dada. Mrudishe yule anayebweka. Mume wangu yumo mle, mzima."

Nimemwacha Shaba garini. Sikuwa na lazima ya kumsikiliza. Nimemsikiliza.

Jumatano, 5 Machi
Radi tena asubuhi. Kimya. Mvua. Mwenye duara anataka kufukia, eti wengine wasije wakatumbukia. Mkuu wa kikosi kaniambia basi, mtoe wako.

Mdomoni mwa duara wachimbaji walichinja mbuzi juzi, kuomba heri. Mwenye duara akacheka, akasema sasa mtaona, mbwa atakaa hapo kwenye damu. Shaba hakugeuza hata pua. Kafuata upepo, kapenya uzio, kaenda mpaka duara bovu la jirani. Kakaa.

Mwenye duara akasema Masanja aliingilia huku, siyo kule. Nikamweleza: mbwa anaonyesha harufu inapotokea, mwili unaweza kuwa kwingine. Wachimbaji wakatazama chini, wote. Hilo sikulipenda.

Halafu sehemu ninayoichukia. Shaba akikaa, papo hapo lazima nimrushie mpira na kumshangilia kwa sauti, la sivyo kesho hatakaa. Mama Kulwa alikuwa amesimama pale pale. Nimeurusha. Nimepiga vigelegele. Nilijiona mshenzi. Mama Kulwa akakaa kwenye tope.

Alhamisi, 6 Machi
Jana usiku mmoja wa wachimbaji alimfuata mkuu wa kikosi, akasema. Walikuwa wamefuata mwamba wenye dhahabu chini kwa chini, wakavuka mpaka, wakaingia kwa jirani. Wizi, na jirani ana watu wenye mapanga. Kwa hiyo wote walinyamaza. Tukaelekezwa mdomo wa duara tu, Radi akazungushwa ndani ya uzio tu. Walijua Masanja alikuwa ng'ambo.

Wamemtoa saa za mchana kupitia duara bovu, baada ya kupanua ufa mwembamba uliokuwa chini yake. Hana jiwe hata moja juu yake. Alikuwa ameegemea ukuta, viatu amevua na kuvipanga pembeni. Chupa ya maji tupu. Daktari anasema huenda alikata roho juzi, Jumanne.

Hamisi kamfungia Radi garini. Mimi nimemtukana mwenye duara mbele ya watu. Sijutii.

Jumapili, 9 Machi
Mazishi Bukombe. Mkuu alinikataza, nimekwenda. Shaba nimemwacha kambini. Padri kasoma haraka, wingu lilikuwa limefunga. Wachimbaji ndio waliobeba jeneza, tena kwa bidii.

Baada ya hapo Mama Kulwa akaniita jikoni, kwenye moshi, Kulwa na Doto wamemshika kanga. Nikamwamkia, shikamoo. Kaitikia. Akaniuliza: yule anayebweka, angepelekwa kule kwa jirani siku ile mliyofika, angemsikia?

Radi hunusa pumzi ya mtu kwenye ufa mdogo kuliko ule. Nimemwona akifanya hivyo.

Nikamwambia sijui, Mama. Akaitika, akanikabidhi kikombe cha uji. Nimekunywa nimesimama, nikaaga.