Kwa Baba, Fundi wa Lifti na Nahodha wa Ngazi

Mwaka umezunguka, Baba, tangu asubuhi ile ulipolala umegeukia dirisha na usigeuke tena. Kiti chako cha jikoni bado kiko pale pale, na mguu wake mfupi bado umewekewa kipande cha mpira ulichokata mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kukigusa, kwa sababu hakiyumbi.

Ulikuwa fundi wa lifti. Majengo marefu ya mji huu uliyajua kwa matumbo yao: chumba cha mashine juu ya paa, shimo la chini linalonuka grisi, kamba za chuma ulizozipitishia kitambaa kikavu ili ujue kama kuna uzi uliokatika. Watu wakikwama, hukuanza na bisibisi. Ulianza na maneno, mlango ukiwa bado umefungwa: "Mko wangapi humo? Nani mcheshi kati yenu? Basi awachekeshe wenzake, mimi nafungua." Wengi walitoka wakicheka na kusahau kukulalamikia.

Lakini nje ya kazi hukupanda lifti. Tunakaa ghorofa ya nne, na kila jioni ulipanda ngazi na mfuko wa vifaa begani. Jirani wa ghorofa ya pili hakuchoka kukutania: "Mpishi hali chakula chake!" Nawe ukamjibu bila kusimama: "Mpishi anajua kilichomo." Kwa hiyo mashua ilipopatikana, jina halikuhitaji kikao. Iliitwa Ngazi.

Uliikuta imelala ubavu nyuma ya karakana moja, mbao zimeoza, mlingoti umefungwa kamba ya kuanikia nguo. Ukaifufua Jumapili kwa Jumapili. Mama, ambaye maisha yake yote ameshona mapazia na vitambaa vya makochi, alisukuma meza za karakana yake ukutani, akatandaza kitambaa sakafuni na kushona tanga akiwa magotini. "Ni pazia tu," alisema. "Tofauti yake, hili likichanika hatuoni aibu, tunazama."

Mlikuwa mmepanga kwamba ukistaafu mngeenda kusini, kisiwa kwa kisiwa, miezi mingi. Kabla ya hapo mngetumia kiangazi kimoja kuambaa na pwani ya karibu, kuijaribu mashua na kujaribiana ninyi wenyewe. Safari hiyo mmetusimulia wote wawili. Pale mnapotofautiana tumefuata ya Mama, kwa kuwa si mtu wa kutia chumvi.

Kwenye Ngazi palikuwa na kanuni uliyoitoa kazini. Mafundi wawili wakiwa kwenye lifti moja, mmoja tu ndiye mwenye kuiendesha, na hamwachii mwenzake zamu kwa ishara wala kwa kudhania. Anatamka, na mwenzake anajibu. Hivyo ndivyo ulivyomwambia Mama: "Usukani wako." Naye akajibu: "Usukani wangu." Bila jibu, hakuna kilichokabidhiwa. Na aliyeshika usukani hashauriwi. Mama anasema kanuni hiyo ndiyo iliyowawezesha kuishi wiki nyingi ndani ya chumba kidogo kuliko jiko letu bila kununiana.

Zilikuwa wiki njema. Ulinyoa ndevu kwa maji ya kikombe. Soksi zako zilikaukia kwenye kamba ya tanga hadi moja ikachukuliwa na upepo, ukaamuru mashua nzima igeuke kuifuata. Mama alijifunza kulala mawimbi yakigonga ubao karibu na sikio lake, na wewe ukajifunza kwamba anakoroma. Alikana. Anakana mpaka leo.

Kisha mkafika kwenye mdomo wa ghuba moja, mchana kweupe. Mama alikuwa na usukani, wewe una ramani magotini. Aliona maji mbele yanageuka rangi, kutoka bluu hadi rangi ya chai ya maziwa. Akawaza: Fundi ana ramani, kungekuwa na hatari angesema. Wewe uliliona fungu la mchanga kwenye ramani, limechorwa wazi. Ukawaza: Bibie ana usukani, kungekuwa na shida angegeuza. Ngazi ikapanda mchangani taratibu, kama mtu anayeketi.

"Ulikuwa umeliona?" Mama aliuliza.

"Nililiona."

"Na ukanyamaza?"

"Aliyeshika usukani hashauriwi."

"Ewe mwanamume! Tungekuwa tunaingia mdomoni mwa papa, ungengoja nikuandikie barua?"

"Na wewe hukuona rangi ya maji?"

"Niliiona."

"Basi tumelingana."

Maji yalikuwa yanapwa. Haukupita muda, bahari ikawaacha, mashua imelala ubavu na birika halikai jikoni. Mlikula mkate na ndizi mmeegemea ukuta ambao sasa ulikuwa sakafu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiokota chaza alipita kwa miguu na ndoo yake, akasimama kuwatazama.

"Mmeegesha?"

"Tumeegesha, dada," ulijibu.

"Mtakaa sana?"

"Mpaka mwenye bahari airudishe."

Alipokwenda zake, Mama akasema, "Fundi, kanuni yako imetukalisha mchangani. Kuanzia leo, anayeona aseme."

"Sawa. Anayeona aseme."

"Basi nasema. Kabla hatujaondoka nilikuwa nakuja na mboga, nikakuona unaingia lifti ya kwetu. Huna mzigo, huna vifaa. Na juzi ulivuta nanga ukapumzika njiani mara tatu, ukajifanya unatazama ndege."

Ulicheka, Baba, kisha ukaacha.

"Nilidhani hukuniona."

"Nilikuona. Nilingoja uniambie."

"Kifua kinabana, Bibie. Si leo wala jana. Nilitaka twende kusini kwanza."

"Kwanza, halafu nini?"

Hapo ulianza kukunja ramani, Baba, pembe kwa pembe. Mama hakukusukuma. Alikushika mkono, mkakaa mkitazama kaa wakivuka kivuli cha mashua yenu. Maji yakajaa, Ngazi ikasimama yenyewe, mkageuza kurudi nyumbani.

Daktari hakuzunguka: moyo umechoka, na bahari ya mbali ingekuua. Uliishi hadi kiangazi kilichofuata. Muda huo haukuwa kwenye mpango, tuliuokota, na ndio tunaoushukuru zaidi leo. Mjukuu wako alipiga hatua za kwanza ameshika kidole chako. Ulimfundisha mdogo wako kusikiliza mashine ya lifti kwa kugusisha ncha ya bisibisi kwenye mashine na mpini wake mfupani nyuma ya sikio. Ukaanza kupanda lifti hadharani, na siku ya kwanza mlango ulipofunguka ghorofa ya pili ukamkuta jirani yako yule yule, ukamwahi kabla hajafungua kinywa: "Leo mpishi anaonja." Alituambia siku ya mazishi kwamba alicheka, kisha akaingia ndani kwake akalia.

Karibu na mwisho, ukiwa kitandani na sauti imekuwa nyembamba, ulimtazama Mama ukasema, "Usukani wako."

Mama alikunja pembe ya shuka. "Kunywa maji kwanza."

"Sijasikia jibu."

"Hujakabidhi kitu, Fundi. Bado tumetia nanga."

Ulitabasamu. Hukurudia, na hukupata jibu.

Tunakuambia sasa ilivyokuwa baada yako, maana ulikubali kwamba anayeona aseme. Ngazi ilibaki imefungwa gatini. Mama aliisafisha kila wiki, lakini hakuiondoa hata urefu wa mkono. Alikuja daktari wa meno, mtu mstaarabu, akataka kuinunua. Mama akamjibu: "Mwenyewe hajakabidhi." Mwanao alisema iuzwe kabla haijaoza tena. Mdogo wako alisema isiguswe. Mama alisikiliza wote wawili, akawamiminia chai. Tuliogopa. Tulidhani mashua ile itamfunga gatini nayo, mpaka wote wawili waote kutu.

Mwezi uliopita binti yako alipita karakana akakuta meza zimesukumwa ukutani. Mama yuko magotini, tanga limetandazwa, anashona upya ukingo uliolika.

"Mama, naona unashona tanga."

"Umeona, umesema. Vizuri. Nipe mkasi."

Anakwenda kusini, Baba. Haendi peke yake: anakwenda na mdogo wako, ambaye amekubali kanuni ya usukani pamoja na marekebisho yake. Wiki hizi wamekuwa wakiijaribu Ngazi ikiwa bado imefungwa gatini, tanga juu, tanga chini, Mama akimsahihisha mdogo wako bila huruma. Wataanzia kile kisiwa ulichokizungushia penseli kwenye ramani, kisha wataamua kama waendelee. Mama amepima moyo wake kwa daktari yule yule aliyekupima wewe, akatuletea majibu kabla hatujauliza.

Jana, kabla hatujaandika tangazo hili, Mama alituita gatini. Aliketi pale ulipozoea kuketi, akafuta mpini wa usukani kwa kiganja. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu aliyeko hatua mbili mbele yake:

"Usukani wangu."

Kisha akatugeukia. "Mmesimama kama nguzo za taa. Legezeni kamba." Akaitoa Ngazi hadi kwenye boya la kwanza na kuirudisha, na kuta za gati hakuzigusa.

Tunashukuru kwa kazi ya mikono yako, kwa ucheshi wako nyuma ya milango iliyofungwa, na kwa lile fungu la mchanga.

Unakumbukwa na mkeo, Bibie wako, mwanao na mkewe, binti yako, mdogo wako, ambaye sasa ni baharia kwa amri, mjukuu wako, ambaye ameshaanza kukimbia, pamoja na jirani wa ghorofa ya pili, aliyeomba atajwe ingawa si ndugu, nasi tukaona ni ndugu. Hutatutoka moyoni, Baba, wawe bara au baharini walio wako.